Steringi Wetu Alikufa

Katika kikao kimoja cha wazee wa kanisa liliwekwa mezani jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye mitaa yenu: watoto wa kipaimara wanatoroka mafundisho na kwenda kwenye kibanda umiza kuangalia filamu za kung fu. Mzee mmoja alitaka mwenye kibanda aandikiwe barua. Mwingine alitaka wazazi wasomewe tangazo Jumapili. Wa tatu, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kukanyaga mle ndani, alieleza kwa kirefu mambo yanayofanyika mle ndani. Mwisho tukaombwa sisi wachungaji tuandae mahubiri ya kuzikemea filamu hizo.

Mahubiri hayo hatukuyaandaa. Makala hii ndiyo jibu letu, na tunajua kwamba haitawafurahisha wote. Tunasema hivi: kosa linalotafutwa kibandani limepanda mimbarini kwetu, tena limevaa kola. Kule kibandani vijana wanatoa kiingilio ili waambiwe kwamba steringi hafi. Jumapili wanakuja kwetu, nasi tunawaambia lile lile, kisha tunapitisha sadaka.

Tuanze na filamu yenyewe, maana si haki kuhukumu kitu ambacho hujakiona. Kati yetu sisi tuliokua miaka ya themanini na tisini, wapo waliokaa kwenye mabenchi yale kabla ya kukaa kwenye madawati ya chuo cha theolojia. Tunazikumbuka sauti za wasimulizi kama Lufufu, waliotia Kiswahili juu ya filamu za nje hata tukadhani wazungu na Wachina wote wanatoka Manzese. Na miongoni mwa filamu zilizopendwa ni ile ya Jackie Chan iitwayo Drunken Master, yaani mwalimu mlevi, iliyotengenezwa Hong Kong mwaka 1978 na mwongozaji Yuen Woo-ping.

Shujaa wa filamu hiyo ni kijana anayeitwa Wong Fei-hung. Mwanzoni hana ushujaa wowote. Ni mtundu, mvivu na mwenye majivuno. Anamchokoza binti barabarani ili awafurahishe rafiki zake, na mama wa yule binti anamchapa vibaya mbele ya watu. Anafika nyumbani akiwa na maumivu, anakuta kumbe yule mama ni shangazi yake. Baba yake anaamua kumkabidhi kwa mwalimu mzee, ombaomba na mlevi, anayejulikana kwa kuwavunja wanafunzi wake kabla ya kuwajenga. Kijana anatoroka mafunzo. Huko njiani anakutana na muuaji wa kukodiwa, anapigwa na kudhalilishwa, ndipo anarudi kwa mwalimu wake akiwa amenywea.

Anafundishwa mitindo minane, kila mmoja una jina la mtakatifu mmojawapo wa hadithi za kale za Kichina. Mitindo saba anaishika. Wa nane anaudharau kwa sababu ni wa mwanamke, naye anaona haya kucheza kama mwanamke. Siku ya pambano la mwisho, yule muuaji anapokuja kumwua baba yake, mitindo saba haitoshi. Inambidi akiri mbele ya mwalimu wake kwamba ule wa nane hakujifunza. Anaupata hapo hapo, kwa aibu na kwa kuunganisha yale aliyokwisha kujua, na kwa huo anashinda.

Sasa tuwaulize wazee wetu: hapo kuna ubaya gani? Mwenye majivuno ameanguka. Aliyemdharau mwanamke ameokolewa na kile alichokidharau. Mtoro amerudi na kupokelewa. Laiti vijana wetu wote wangeshika hayo matatu, darasa la kipaimara lingekuwa jepesi. Kumcheka mtu anayejiinua si dhambi. Nabii Eliya aliwacheka manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli, wala hatujasikia mzee yeyote akitaka aandikiwe barua.

Hata hivyo hatusemi kwamba filamu hizo hazina kosa. Wazee walitaja mawili, nayo yanastahili kujibiwa kwa haki.

La kwanza ni ngumi. Katika filamu hizi mtu anapigwa kwa benchi, anatupwa juu ya meza, anaanguka kutoka ghorofani, na watu wanacheka. Hakuna anayepelekwa hospitali. Hakuna mke anayeuza mbuzi ili alipe gharama za matibabu. Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo kila mmoja wetu aliisoma kabla ya kupiga magoti madhabahuni, inaieleza Amri ya Tano kwa pande mbili: tusimdhuru jirani mwilini mwake, tena tumsaidie katika shida zote za mwili. Filamu ya ngumi inachekesha kwa kuuficha mwili wa jirani. Ukimwona anavyolala usiku ule na mbavu zake, kicheko kinakwisha.

La pili ni pombe. Mtindo wa yule kijana unaitwa ngumi ya mlevi, na kadiri anavyokunywa ndivyo anavyopigana vizuri. Katika usharika ambao tumezika vijana kwa sababu ya gongo, huo si utani mdogo. Lakini hapa tunawaomba msikilize jambo ambalo hata wapenzi wengi wa filamu hizi hawalijui.

Mwaka 1994 Jackie Chan alirudi kwa shujaa yule yule katika Drunken Master ya pili. Pambano la mwisho linafanyika katika kiwanda cha chuma. Shujaa anazidiwa. Anaangushiwa kwenye makaa ya moto, na Jackie Chan alitambaa kweli juu ya makaa yale. Mwishoni anakunywa spiriti ya viwandani, nguvu zinamjia, anamwangusha adui. Ushindi! Lakini katika filamu ile kama ilivyotoka Hong Kong kulikuwa na kipande kimoja baada ya ushindi: shujaa anaonekana akiwa kipofu, akili imeharibika, kwa sababu ya kile alichokunywa. Tukiri kwamba hata huko kipande hicho kiliwekwa ili kichekeshe, na kumcheka kipofu ni kosa. Hata hivyo kilisema ukweli ambao sisi wa huku tunaufahamu vizuri, maana pombe haramu iliyotiwa kemikali za viwandani imewapofusha na kuwaua watu wa Afrika Mashariki. Filamu hiyo ilipopelekwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2000, kipande hicho kilikatwa. Watazamaji wakabakiwa na ushindi bila gharama yake.

Wapendwa, hicho ndicho kisu tunachokilalamikia. Tena si kisu cha Marekani peke yake. Sisi nasi tunacho sakristini.

Angalieni yanayotendeka katika makanisa yetu siku hizi, na hatuyasemi makanisa mengine, tunasema sisi Walutheri wenye liturgia na kengele. Mhubiri anaingia kama steringi. Shetani ndiye adui. Washarika ni watazamaji waliotoa kiingilio. Tunarusha ngumi hewani, tunapiga mateke, tunaambiwa adui yuko chini, tunashangilia. Kisha zinafuata shuhuda. Aliyepata kazi anaitwa mbele. Aliyepata viza anaitwa mbele. Aliyepona anaitwa mbele. Aliyeomba miaka saba na mtoto akafa haitwi. Kipande chake kimekatwa, kwa sababu kitaharibu filamu.

Yupo mama mmoja aliyeimba kwaya kwetu zaidi ya miaka ishirini. Mume wake alipata kiharusi, akapooza upande mmoja. Tuliandaa semina ya neno na maombezi, tukamwalika mhubiri mgeni. Tunasema tulimwalika, ili lawama ibaki kwetu. Yule mzee aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliamriwa asimame kwa jina la Yesu. Watu wakapiga makofi. Alijaribu. Alishikwa huku na huku, akainuka kidogo, akaanguka mbele ya kanisa lote. Mhubiri hakunyamaza hata kidogo. Alisema kuna kitu kimefichwa katika nyumba ile kinachozuia, kisha akaendelea na mtu mwingine.

Yule mama hakurudi kwaya. Tulipokwenda kumtembelea baada ya wiki kadhaa, tulimkuta akimlisha mume wake uji kwa kijiko. Alitukaribisha vizuri, akatuletea chai. Tulipomwuliza mbona haonekani, alisema taratibu, bila hasira, "Mchungaji, huko kwenu ni kwa walioshinda."

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai yetu, tukaomba kwa kifupi, tukaondoka. Makala hii imechelewa, lakini ndiyo jibu tulilopaswa kumpa siku ile.

Mama, tulikudanganya. Tulikuonyesha filamu iliyokatwa.

Mwaka 1518, katika mji wa Heidelberg, Martin Luther alitetea hoja zake mbele ya ndugu zake wa shirika la Augustino. Alitenganisha wanatheolojia wa aina mbili. Yupo wa utukufu, anayemtafuta Mungu penye nguvu, fahari na mafanikio. Na kwa kuwa anayapenda hayo, anaishia kuliita jema baya na baya jema. Yupo wa msalaba, anayemtambua Mungu pale alipojificha, katika mateso na udhaifu, na kwa hiyo anakiita kitu kwa jina lake. Sisi tunajiita kwa jina la Luther. Tunaadhimisha Matengenezo kila mwaka, tunashona na vitenge. Basi tujipime kwa hoja hiyo. Mhubiri anayemwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni ushahidi wa imani iliyopungua amemwita mtu aliyebeba msalaba mtu aliyelaaniwa. Ameliita jema baya, naye amefanya hivyo kwenye kanisa letu, kwa kipaza sauti chetu.

Theolojia ya utukufu kwa Kiswahili cha mtaani inaitwa steringi hafi. Na Injili yote inasimama juu ya habari kwamba Steringi wetu alikufa.

Hakuwa amekosa mtindo. Usiku ule bustanini Petro ndiye aliyeichukua njia ya filamu: alichomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Kibandani hapo watu wangesimama juu ya mabenchi. Yesu alimwambia arudishe upanga alani, na Luka anatuarifu kwamba aliliponya sikio lile. Mathayo anaongeza kwamba angeweza kumwomba Baba akapewa majeshi ya malaika zaidi ya kumi na mawili, wala hakuomba. Pale msalabani walimdhihaki kwa hoja ile ile tunayoihubiri sisi: kama wewe ni Mwana wa Mungu, shuka. Waliitaka filamu iishe vizuri. Hakushuka.

Tunajua atakayesimama sasa na kusema, "Lakini mchungaji, alifufuka! Kristo ni mshindi!" Ndiyo, alifufuka. Tusipoamini hilo tufunge makanisa na funguo tumpe mwenye kibanda. Lakini someni Yohana 20. Aliyefufuka alijitambulisha kwa Tomaso kwa nini? Hakujitambulisha kwa misuli wala kwa kumwangusha Pilato. Alionyesha mikono na ubavu. Makovu yapo. Ufufuo haukukikata kipande cha Ijumaa Kuu. Umekifanya kiwe utukufu wake milele. Steringi wa kibandani anainuka kwenye kifusi akajipangusa vumbi, shati limechanika kidogo ili apendeze. Bwana wetu ameinuka na matundu ya misumari. Ukikutana na Kristo asiye na makovu, muulize alikotoka.

Atasimama na mwingine aseme, "Watu wamechoka. Wana madeni, wana magonjwa. Mnawanyima tumaini." Hili tunalichukua kwa uzito, maana anayelisema mara nyingi anawapenda watu. Lakini tumaini linalotegemea kwamba utasimama leo usiku linaisha leo usiku ukianguka. Yule mzee aliliamini tumaini hilo kwa dakika tatu, na lilimwacha sakafuni. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, hakuondolewa, akajibiwa kwamba neema inatosha. Hilo ndilo tumaini linaloweza kukaa na mtu mwaka wa pili na wa tatu, kitandani, pamoja na uji na kijiko. Wala hatusemi msiwaombee wagonjwa. Yakobo ametuagiza, nasi tutaendelea kuwapaka mafuta na kuwaombea, na Mungu akiponya tutapiga vigelegele. Tunakataa jambo moja tu: kumhukumu ambaye hakuponywa.

Tena hapa Jackie Chan anatuaibisha. Mara nyingi mwishoni mwa filamu zake, majina yakiwa yanapita, anaonyesha vipande vilivyoharibika: ameruka akakosa, amejigonga, anabebwa. Alipokuwa akiigiza Armour of God huko Yugoslavia ya wakati ule, aliruka kutoka ukutani kwenda kwenye mti, tawi likavunjika, akaanguka na kuvunjika fuvu la kichwa. Watazamaji wameonyeshwa na hayo. Mchekeshaji wa Hong Kong anawaambia watu wake kwamba ushindi mliouona ulikuwa na gharama, na mwili huu ulianguka. Sisi watumishi wa Aliyesulubiwa tunaficha machela.

Na yule Wong Fei-hung si wa kubuni tu. Aliishi kweli kusini mwa China, akazaliwa mwaka 1847 katika jimbo la Guangdong. Alikuwa mwalimu wa mapigano, na pia alikuwa tabibu aliyetibu watu kwa dawa za asili katika zahanati yake mjini Guangzhou. Zahanati hiyo iliteketea katika ghasia za mwaka 1924. Mwaka uliofuata alifariki. Filamu nyingi zimetengenezwa juu yake, na ndani yake anashinda tena na tena. Mtu mwenyewe alipoteza mahali pake pa kazi akiwa mzee, kisha akafa. Kama steringi wa kweli wa kung fu alikufa, ni nani aliyetupa ruhusa ya kumwahidi fundi cherehani wa usharika wetu kwamba yeye atapita bila kovu?

Basi kwa wazee waliotuomba mahubiri, tunawaomba nao watusaidie mambo machache.

Barua ya kwenda kibandani isiandikwe. Badala yake wawili kati yetu twende, tukae benchini, tuiangalie filamu pamoja na vijana hadi mwisho, kisha tuwaulize maswali. Yule aliyepigwa anaitwa nani? Ana watoto? Nani atamlipia hospitali? Pombe ile ingemfanya nini kesho yake? Kijana aliyeulizwa maswali hayo mara mbili atajiuliza mwenyewe mara ya tatu. Hiyo ni Amri ya Tano, na pale kibandani wataielewa kuliko ubaoni.

Nafasi ya shuhuda nayo ibadilishwe. Kila anapoitwa mbele mtu mmoja aliyepokea alichoomba, aitwe na mmoja ambaye bado anaomba. Asilazimishwe kumalizia kwa furaha. Aseme hali ilivyo, nasi tumjibu kwa zaburi moja ya maombolezo, maana Mungu aliziweka nyingi katika kitabu chake kwa sababu alijua tutazihitaji.

Na mtu yeyote atakayesimama mimbarini kwetu, awe mgeni mwenye jina kubwa au mchungaji mwenyeji, akimwambia mgonjwa kwamba hakupona kwa sababu ya imani yake, mzee wa kanisa asimame na kumkatiza, hata kama ibada itaharibika. Mtatulaumu kwamba tunavunja utaratibu. Utaratibu ulivunjwa siku yule mzee alipolala sakafuni na sisi tukaendelea kuimba.

Tulirudi nyumbani kwa yule mama hivi karibuni. Tulibeba Chakula cha Bwana kwenye kisanduku kidogo. Mume wake hawezi kukunja vidole vya mkono wa kuume, kwa hiyo mkate tulimtia mdomoni, na mama akamshikilia kichwa asipaliwe na divai. Tulisema maneno yale tunayoyasema kila wakati, kwamba ni mwili uliotolewa na damu iliyomwagika. Hakuna aliyesimama, na hakuna aliyeanguka. Tulipomaliza, mama alianza kuimba sauti yake ya alto, peke yake, na mzee akafuata kwa nusu ya mdomo.

Kwaya bado hajarudi. Tumemwambia kwamba tutakuwa tunakuja, na kwamba huko kwetu ni kwake.